Rangi, Jinsia na Ukwangala: Namna ya Kuwafundisha Vijana kwa Njia ya Majadiliano

Utangulizi



Yapo mambo ambayo kijana hajifunzi darasani wala kanisani, bali anayaokota kwenye utani. Tangu mdogo anasikia kwamba mtoto mweupe ndiye mzuri na mweusi "ameungua". Anasikia kwamba jirani aliyetoka ng'ambo ya mto Songwe ni "mgeni", hata kama bibi zao walinyonya ziwa moja. Anasikia kwamba msichana anayejibu hoja mbele ya wavulana "ana mdomo", ila mvulana akifanya hivyo hivyo "ana akili". Hakuna mwalimu aliyemfundisha hayo kwa mtaala, lakini akifika kidato cha nne anayajua vizuri kuliko masomo yake ya mtihani.

Je, mambo yaliyoingia kwa utani yanatolewaje? Wengi wetu tunakimbilia hotuba. Tunawakusanya vijana, tunawaambia ubaguzi ni dhambi, wanaitikia, wanapiga makofi, na jioni ile ile utani unaendelea. Makala hii inataka kuonyesha kwamba njia inayofaa zaidi ni majadiliano yanayoongozwa vizuri, yawe ya ana kwa ana au ya kwenye simu. Nimeiandika kwa ajili ya walimu, makatekista, walezi wa vijana na waseminari wenzangu wanaofanya utume wakati wa likizo. Mifano mingi nimeichukua kwetu Bujonde na Kyela kwa ujumla, mingine katika historia ya nchi yetu na katika falsafa tunayoisoma.

1. Tuanze na maneno

Mwalimu asiyefafanua maneno atajikuta anaamua ugomvi badala ya kuongoza majadiliano. Kuna maneno manne ya kutenganisha.

Rangi ni sifa ya ngozi inayoonekana kwa macho. Mbari ni jina ambalo watu wamelitumia kugawa binadamu katika mafungu makubwa, kana kwamba rangi inaleta pia akili, tabia na thamani. Jicho linaona rangi; mbari imetungwa na kichwa. Kwetu Kyela ni mara chache kijana kukutana na Mzungu, hivyo ubaguzi wa aina hii huja kwa sura nyingine: dharau kwa mwenye ngozi nyeusi sana, vipodozi vya kujichubua, maneno ya kumdhalilisha mtu mwenye ualbino, na dharau kwa mtu wa kabila au nchi jirani.

Mfano wa mpaka unafundisha sana. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani walikubaliana kuhusu mipaka ya makoloni yao, na kwa upande wetu mto Songwe ukawa mpaka. Waliokuwa wakivuka mto kwenda kuoa, kuzika na kubadilishana ng'ombe wakagawanywa, hawa wakawa wa huku na wale wa kule. Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa wa Kyela wanasikilizana lugha hadi leo. Zaidi ya hayo, Songwe ni mto unaobadili mkondo wake. Mafuriko yakija, ardhi iliyokuwa ng'ambo hii huonekana ng'ambo ile. Waulize vijana: kama mto ukihama usiku, je, mtu aliyelala upande mmoja na kuamkia upande mwingine amebadilika nini ndani yake?

Jinsi ni kuwa mwanamume au mwanamke kwa maumbile. Jinsia ni kazi, mipaka, sifa na matarajio ambayo jamii imewapangia wanaume na wanawake. Kanisa linatufundisha kuipokea jinsi kama zawadi ya Muumba. Lakini si kila kilichopangwa na jamii kimetoka mbinguni, na hapo ndipo majadiliano yanapohitajika.

Chukua mfano wa maziwa. Kwa Wanyakyusa wa zamani, kama alivyoandika Monica Wilson aliyefanya utafiti wake hapa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, ng'ombe walikuwa mali na kazi ya wanaume. Wanaume na vijana ndio waliokamua. Wanaume pia walilima kwa jembe kazi ile nzito. Kwa Wamaasai, kukamua ni kazi ya wanawake. Ng'ombe ni yule yule na maziwa ni yale yale. Ingekuwa maumbile ndiyo yanayoamua nani akamue, jibu lingekuwa moja kila mahali. Kijana akiona jambo hilo katika maziwa, ataanza mwenyewe kuuliza kuhusu kuni, maji, vyombo na fedha za mpunga.

2. Kwa nini majadiliano?

Sababu ya kwanza tunayo katika urithi wetu. Wanyakyusa wana neno ukwangala, maana yake kukaa pamoja kwa furaha, kula pamoja na kuzungumza na wenzako. Zamani vijana wa kiume wa rika moja walijenga kijiji chao wenyewe, wakaishi pamoja na kuzeeka pamoja. Wilson alikieleza kijiji hicho cha rika katika kitabu chake cha mwaka 1951, na alionyesha kwamba wazee wa wakati ule waliamini hekima hupatikana katika mazungumzo ya watu walio sawa. Mtu anayekaa peke yake, au anayekaa na wakubwa tu akiitikia, hakui.

Lakini urithi huo huo una swali ndani yake. Kijiji cha rika kilikuwa cha wanaume. Mwanamke aliingia humo kwa ndoa, akiwa na miiko mizito. Mkwe wa kike alipaswa kumkwepa baba mkwe, asimtazame wala kukutana naye njiani. Kwa hiyo chombo kile kile kilichowapa wanaume hekima ya mazungumzo kiliwaacha wanawake nje ya mduara. Sisi tusiseme kwamba mababu walikosea kila kitu, wala tusiseme walipatia kila kitu. Tuseme hivi: kama ukwangala ndio unaoleta hekima, basi tunayemzuia kuketi tumemnyima hekima, kisha tunamcheka kwa kuikosa.

Sababu ya pili ni ya kifalsafa. Sokrate hakuandika kitabu; aliuliza maswali sokoni. Aliona kwamba maoni ambayo mtu hajawahi kuulizwa juu yake hayawezi kuondolewa kwa kumpa maoni mengine. Ni lazima ayatoe mwenyewe, ayatazame, aone yanavyopingana. Ubaguzi ni maoni ya namna hiyo.

Sababu ya tatu iko katika Injili ya Yohane, sura ya 4. Pale kisimani Yesu anavunja mipaka miwili kwa wakati mmoja: Myahudi anazungumza na Msamaria, na mwanamume anazungumza na mwanamke. Mwanamke mwenyewe anashangaa kwa sababu ya kwanza na ya pili. Wanafunzi wakirudi wanashangaa kwa sababu ya pili. Yesu anaanza kwa kuomba maji, yaani kwa kumhitaji yule anayedharauliwa. Kisha anamwachia aulize, apinge, atoe hoja za kidini. Mwishoni mwanamke huyo ndiye anayekwenda kuwaita watu wa mji wake.

3. Falsafa yenyewe ilipopotoka

Kijana asidhani kwamba ubaguzi ni ugonjwa wa watu wasiosoma. Aristotle, ambaye tunamheshimu kila siku darasani, aliandika katika kitabu cha kwanza cha Siasa kwamba wapo watu ambao ni watumwa kwa asili, na kwamba uwezo wa mwanamke wa kushauri hauna mamlaka. Mwalimu wake Plato, katika kitabu cha tano cha Jamhuri, alikuwa ameshatoa hoja bora zaidi: tofauti kati ya watu ina maana pale tu inapohusu kazi yenyewe. Kama wenye vipara wanashona viatu, je, tuwakataze wenye nywele kushona kwa sababu maumbile yao ni tofauti? Hivyo, akasema, wanawake wenye uwezo wa kulinda mji wapewe elimu ile ile ya wanaume.

Karne ya 18 ina mfano mwingine. Immanuel Kant, katika kitabu cha mwaka 1764, alimtaja mtu mweusi aliyesema jambo fulani, kisha akalipuuza kwa hoja kwamba mtu huyo alikuwa mweusi toka kichwani hadi miguuni. Huyu ndiye Kant ambaye baadaye aliandika kwamba kila binadamu ni lengo, si chombo cha kutumiwa. Na miaka 30 kabla ya kitabu hicho, yaani mwaka 1734, Anton Wilhelm Amo, Mwafrika aliyezaliwa Axim katika nchi ambayo leo ni Ghana, alikuwa ametetea tasnifu yake ya falsafa huko Wittenberg, Ujerumani. Alifundisha pia Halle na Jena. Ushahidi ulikuwepo katika nchi ile ile na katika lugha ya Kilatini waliyoitumia wasomi wote.

Fundisho hapa si kumtupa Kant wala Aristotle. Fundisho ni kwamba akili kubwa inaweza kukaa pamoja na dharau kubwa endapo anayedharauliwa hayupo mezani kujibu. Ndiyo maana majadiliano ya rangi na jinsia yasiwe kuwajadili watu wasiokuwepo.

4. Mifano miwili ya nchi yetu

Vijana hujadili vizuri zaidi wakipewa tukio lenye uamuzi mgumu. Napendekeza mawili.

La kwanza ni Tabora, Januari 1958. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wenye sharti kwamba kila mpiga kura achague watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi katika TANU waliona sharti hilo ni tusi, na walitaka uchaguzi ususiwe. Mwalimu Nyerere aliwashawishi washiriki, wawaunge mkono Waasia na Wazungu wanaokubaliana nao, na kuushinda mfumo huo ukiwa bado upo. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alijitenga na kuanzisha chama chake. Oktoba 1961, wakati wa mjadala wa sheria ya uraia, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika tu. Nyerere alipinga kwa ukali, akisimamia kwamba kipimo kiwe uaminifu kwa nchi na si rangi. Kuanzia Januari 1962 shule zilizokuwa zimetengwa kwa Wazungu, Waasia na Waafrika ziliwekwa chini ya mfumo mmoja. Waulize vijana: je, ni halali kuingia katika mfumo mbaya ili kuuondoa? Mtemvu alikuwa na hoja gani nzuri? Wasiruhusiwe kumjibu kabla ya kuieleza vizuri.

La pili ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hiyo iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, wakati mvulana alitakiwa kufikisha miaka 18. Rebeca Gyumi alifungua kesi, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Serikali ilikata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na Mahakama Kuu. Tena, Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule kwa sababu ya ujauzito waruhusiwe kurudi. Katika kijiji chochote cha Kyela kuna familia inayoguswa na mambo haya mawili. Hapa mjadala unaacha kuwa wa vitabuni, na mwongozaji awe mwangalifu: huenda aliyeketi mbele yake ni binti ambaye mahari yake imeshaanza kuzungumzwa.

5. Kutoka redio hadi simu

Majadiliano ya watu walio mbalimbali si jambo geni kwetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi nchi nzima. Walisikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu, wakajadili wakiwa na kiongozi wao, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Redio ilileta mada, lakini kazi ilifanywa na kikundi. Mpangilio huo unafanana na ule wa Ona, Amua, Tenda, alioueneza padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji na ambao Papa Yohane XXIII aliukubali katika waraka wake wa Mater et Magistra wa mwaka 1961.

Leo simu imechukua nafasi ya redio. Shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, kwa hiyo njia hii inawafaa zaidi waliomaliza kidato cha nne na walio likizo. Nimeijaribu na kikundi cha vijana wa Bujonde wanaosubiri matokeo. Tulikuwa tukikutana mara moja kwa wiki chini ya mwembe, na siku nyingine tukiendelea na swali lile lile kwenye kundi la WhatsApp. Chini ya mwembe wavulana ndio walioongea. Kwenye simu wasichana waliandika, tena marefu. Lakini kilichotufundisha zaidi kilikuwa saa za ujumbe. Wavulana waliandika kuanzia saa kumi jioni. Wasichana wengi waliandika baada ya saa nne usiku, na wawili wakitumia simu za kaka zao. Niliwaomba vijana watazame saa hizo bila mimi kusema neno, kisha waeleze sababu. Mvulana mmoja alisema pengine wasichana wanapenda kufikiri kwanza. Msichana mmoja akamjibu kwamba anafikiri akiwa anaosha vyombo, ila mikono ina sabuni. Watu walicheka, kisha wakanyamaza. Wiki ile hatukuhitaji mada nyingine kuhusu jinsia.

Kutokana na kazi hiyo napendekeza kanuni hizi:

Kwanza, swali moja kwa wiki, tena liwe dogo. "Nani anauza mpunga nyumbani kwenu, na nani anashika fedha?" linafaa kuliko "Usawa wa kijinsia ni nini?"

Pili, anayepinga aanze kwa kuirudia hoja ya mwenzake mpaka mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyosema. Hii ni desturi ya kale ya shule za Kanisa. Mtakatifu Thoma wa Akwino katika Summa huanza kila kipengele kwa hoja za wanaompinga, na haziandiki kwa ulegevu.

Tatu, yaliyosemwa kundini yabaki kundini. Picha za maneno ya mtu zikisambazwa nje, msichana hatasema tena.

Nne, katuni na vichekesho vya kusambazwa vinavyohusu rangi au umbile la mtu visifutwe kimyakimya. Kiongozi aulize: anayechekwa hapa ni nani, na angekuwa hapa tungemwambia nini?

Tano, kiongozi asitoe maoni yake mapema. Akisema yeye, wengi wataitikia amina. Afadhali ahesabu ambao hawajasema na awaulize kwa upole.

Sita, asiye na simu asiachwe. Mara nyingi yeye ndiye mada yenyewe. Apewe mwenzi wa kumsomea na kumwandikia, na hitimisho la kila wiki lifanyike ana kwa ana.

Saba, kila mada iishie katika tendo moja. Kikundi chetu kilikubaliana kwamba wavulana waoshe vyombo nyumbani kwao siku mbili kwa wiki na walete taarifa. Wengine walileta taarifa ya kuchekwa na wazazi, nayo ikawa mada iliyofuata.

6. Pingamizi mbili

Wapo wanaosema: majadiliano ya jinsia yatawaletea vijana mawazo ya kigeni. Hofu hiyo isidharauliwe. Lakini mawazo hayo yanawafikia vijana kila siku kupitia simu zao, bila mlezi. Tukikataa kuongea nao, tumewaachia wengine. Tena msingi wetu si wa kigeni kwa Kanisa: Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 29 ya mwaka 1965, unafundisha kwamba kumbagua mtu kwa sababu ya jinsi, mbari, rangi, hali, lugha au dini ni kinyume na mpango wa Mungu.

Wengine husema: kama kila kitu kinajadiliwa, basi kila maoni yana haki sawa. Hapana. Hatujadili kama binti mweusi ana thamani au kama mtu mwenye ualbino ni mtu kamili. Hadhi ya mtu haipigiwi kura. Tunajadili jinsi tulivyoikana hadhi hiyo, kwa maneno gani, kwa faida ya nani, na tutarekebishaje. Mwongozaji aseme hivyo siku ya kwanza, wazi, ili aliyewahi kudhalilishwa ajue kwamba hakuitwa hapo kujitetea kwamba yeye ni binadamu.

Hitimisho

Ukwangala wa mababu ulijenga watu wenye hekima kwa sababu ulikuwa na mduara, wakati na chakula. Sisi tuna mwembe, simu na mada nyingi. Kinachobaki ni kuupanua mduara hadi waingie waliokuwa wakipita pembeni wakiwa na ndoo kichwani, na kuwapokea wakati wa mjadala wenyewe na si saa nne usiku kazi zote zikiisha.

Maswali ya kujadili

1. Taja neno moja la utani kuhusu rangi au kabila linalotumika kijijini kwenu. Lilianzaje, na nani analipa gharama yake?
2. Taja kazi tatu za nyumbani. Ipi inatokana na maumbile, na ipi imepangwa na jamii? Toa hoja.
3. Katika mkutano wa Tabora ungekuwa upande wa Nyerere au wa Mtemvu? Eleza kwanza hoja ya upande usio wako.
4. Tazameni saa za ujumbe katika kundi lenu la simu kwa wiki moja. Nani anaandika mapema, nani usiku, nani haandiki kabisa? Kwa nini?
5. Ni tendo gani moja mtakalofanya wiki hii, na nani ataleta taarifa?